Saa nyeusi ya suti: nunua umbo kwanza, kisha ulizia weusi

Msomaji wetu, wakili anayefanya kazi Kisumu, ametuandikia hivi: "Nataka saa moja nyeusi ya kuvaa na suti, kortini siku za kazi na harusini wikendi. Nimependa saa ya fundi mmoja mdogo wa Ulaya: kasha jeusi la milimita 38, uso mweusi, mkanda wa ngozi. Rafiki yangu ananiambia mambo mawili. Kwanza, weusi ule utachubuka kabla ya mwaka kuisha. Pili, fundi huyo hana ubunifu, kwa sababu saa zake zote zinafanana. Bei yake ni ya kununua mara moja maishani. Nimsikilize?"

Wakili, kwenye weusi rafiki yako ana haki nusu. Kwenye kufanana amekosea karibu kabisa, na nitaeleza kwa nini mambo hayo mawili yanaungana. Kasha likiwa la fedha au dhahabu, mwanga hucheza juu yake na unaweza kuficha umbo la ovyo. Ukilitia weusi, mchezo huo unaisha. Kinachobaki ni umbo lenyewe: kona, unene, jinsi masikio, yaani zile ncha za kasha zinazoshika mkanda, yanavyoshuka kwenye mkono. Kwa hiyo fundi asiye na sura yake hafai kabisa kutengeneza saa nyeusi.

Tuanze na weusi, maana ndio unaokunyima usingizi. Utakutana na herufi PVD na DLC, na wauzaji huzichanganya. PVD ni jina la njia. Sehemu za saa huoshwa hadi mafuta yote yatoke, hutundikwa ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, kisha madini hugeuzwa mvuke na kutua juu yake chembe kwa chembe. DLC ni jina la kitu kinachotua: kaboni iliyojipanga kwa namna inayokaribia almasi. Chini yake huwekwa kwanza tabaka jembamba la kromiamu au titani ili kaboni ipate pa kushikilia. Saa ikiandikwa "PVD nyeusi" tu, hujaambiwa ni kitu gani kimetua. Uliza.

Unene wa kawaida wa tabaka hilo ni maikroni 1 hadi 4. Unywele wa mtu una takriban maikroni 70. Hata hivyo tabaka lenyewe ni gumu ajabu. Kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Vickers, chuma cha pua aina ya 316L, ambacho ndicho cha saa nyingi, kina 150 hadi 200. Mchanga wa kawaida una 1100 hivi, ndiyo maana vumbi hukwaruza saa ya chuma bila wewe kugonga popote. DLC nzuri hupita 1500, na nyingine hufika 3000. Ukishinda na saa ya chuma katika vumbi la soko la Kibuye utaona mistari myembamba kwenye kasha. Ile ya DLC, hata ukaipeleka hadi Kariandusi kwenye vumbi la machimbo ya daitomaiti, utaipangusa na kuikuta ilivyokuwa.

Sasa, rafiki yako ana haki wapi? Kumbuka matope ya ufukoni Dunga baada ya siku kadhaa za jua kali. Juu yanafanya gamba gumu ambalo ukilikwaruza kwa kidole halitoki. Lakini ukilikanyaga, mguu unazama na gamba linavunjika vipande, kwa kuwa chini yake ni laini. DLC juu ya chuma cha kawaida ni vivyo hivyo. Mkwaruzo haiuogopi, inaogopa pigo. Gonga ncha ya sikio la saa kwenye ukingo wa mlango wa chuma: chuma cha chini kinabonyea, na tabaka la juu, kwa kuwa halijui kubonyea, linapasuka na kuacha alama inayong'aa kama fedha. Alama hizo huanzia mahali pale pale karibu kila mara: kwenye ncha za masikio, kwenye bizimu ya mkanda inayosugua meza unapoandika, na ndani ya masikio ambako kifaa cha kubadilishia mkanda kiliteleza. Katikati ya kasha ni nadra.

Ndiyo maana swali la "DLC au siyo?" ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni "juu ya nini?" Titani ya daraja la 5 ina Vickers 350 hivi, kwa hiyo inabeba tabaka vizuri zaidi kuliko chuma laini, na ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 40. Kuna pia chuma kilichogumishwa juu kabla ya kutiwa weusi. Kampuni ya Sinn ya Frankfurt hufanya hivyo na hupata ugumu wa 1200 na zaidi kwenye chuma chenyewe, kisha weusi huja juu ya msingi usiobonyea kirahisi. Kwa saa ya suti ningechagua titani ya daraja la 5 yenye DLC bila kusita.

Kauri nyeusi ni hadithi nyingine. Weusi wake umo ndani hadi kwenye kiini, hauna cha kuchubuka, na ugumu wake ni kama 1200. Lakini ikiponyoka mkononi na kuanguka kwenye sakafu ya vigae inaweza kukatika sikio, na sikio la kauri haliungwi. Njia ya nne ni madini yaliyo na giza lake yenyewe. Chronomètre Bleu ya fundi F.P. Journe, iliyotoka mwaka 2009, ina kasha la tantalamu, madini ya kijivu kilichokolea chenye ubluu kwa mbali. Ni saa ya suti hasa, milimita 39, na haikupakwa kitu.

Kuna saa moja nyeusi ya kuepuka hata ukipewa bure: ile ambayo chini ya weusi kuna shaba au aloi ya zinki. Tabaka lolote jembamba lina matundu madogo yasiyoonekana. Jasho la Kisumu lina chumvi. Linapita kwenye matundu hayo, linafika kwenye shaba, na baada ya miezi kadhaa unaona vipele kwenye kasha na kutu ya kijani kwenye masikio. Hapo ndipo weusi unapobanduka kama maganda, na nadhani hiyo ndiyo saa aliyowahi kuvaa rafiki yako. Geuza saa usome mgongo wake. Ukikuta "STAINLESS STEEL BACK" maana yake ni mfuniko wa nyuma tu ndio wa chuma cha pua. Mwili wa saa ni kitu kingine. Saa ya chuma kitupu huandikwa "ALL STAINLESS STEEL" au "316L", au muuzaji hukuthibitishia kwa maandishi.

Jambo linalosahauliwa: maikroni tatu haziwezi kuziba mkwaruzo. Tabaka linanakili kilicho chini yake. Kasha lililong'arishwa kama kioo litatoka jeusi la kumeremeta, na litaonyesha kila alama ya kidole. Lililopulizwa chembe laini za kioo litatoka jeusi la kufifia kama mkaa, nalo mafuta ya ngozi huliachia madoa. Linalopendeza na suti ni lile lenye mistari ya brashi ubavuni na ukingo mwembamba wa mshazari uliong'arishwa juu ya masikio. Ukiwa umesimama huoni tofauti. Ukigeuza mkono, ukingo ule unashika mwanga kama uzi, kisha unazima. Kazi hiyo yote lazima ifanywe kabla ya kuingia chumba cha mvuke, kwa sababu baada yake hakuna jiwe wala polishi inayoruhusiwa kugusa kasha. Fundi mvivu hutia weusi ili kuficha kona alizoshindwa kuzinyoosha. Kuza picha ya sikio na uangalie mstari ule wa mshazari: je, upana wake unabaki sawa, au unapungua kwa utaratibu hadi nchani? Ukiyumba, umepata jibu lako.

Sasa lile la kufanana. Kwa mafundi huru wa saa, yaani wale wasio chini ya makampuni makubwa, kufanana ndiyo saini. Wana chama chao, AHCI, kilichoanzishwa mwaka 1985 na Svend Andersen na Vincent Calabrese, na ukitazama kazi za mafundi huru walio bora, wawe wanachama au la, utaona kila mmoja ana kitu ambacho haachi. Kari Voutilainen, Mfini anayefanya kazi Uswisi, ana masikio yenye umbo la tone la maji. Laurent Ferrier alianza mwaka 2010 na kasha aliloliita Galet, yaani kokoto la mviringo lililolainishwa na maji, na mishale yake ya saa ina umbo la mkuki mwembamba. Ressence ya Ubelgiji haina mishale kabisa, kwani uso mzima huzunguka kwa visahani vilivyo ndani ya visahani. Ming, iliyoanzishwa mwaka 2017 na kikundi cha wapenzi wa saa wakiongozwa na Ming Thein wa Malaysia, ilianza na saa ya titani ya milimita 38 iliyouzwa faranga 900 za Uswisi. Masikio yake yanapanuka kuelekea nje. Tangu hapo wametengeneza saa za bei mara nyingi ya hiyo, za kazi tofauti kabisa, na masikio hayo yamebaki. Mtu anayeyajua atayatambua kutoka upande wa pili wa meza.

Kwa hiyo usiulize kama zinafanana. Uliza kinachofanana ni nini, na kinachobadilika ni nini. Kwa fundi mwenye sura yake, vinavyokaa ni uwiano wa kasha na uso, mkunjo wa masikio, umbo la mishale, mwandiko wa tarakimu, mahali na ukubwa wa kile kitufe cha pembeni cha kutilia ufunguo. Vinavyobadilika ni mashine, kazi ya saa, na malighafi ya uso. Kwa asiye na sura ni kinyume: kasha lile lile la kununuliwa kwenye katalogi, mashine ile ile, na kila msimu rangi mpya.

Kujipima ni kazi ya dakika kumi kwenye simu. Chukua picha tatu za saa zake, za mbele, zilizotoka miaka tofauti. Zigeuze ziwe nyeusi na nyeupe, punguza mwanga hadi mwisho na uongeze ukolezi hadi ubaki na kivuli tu cha kasha, masikio na kitufe. Weka kando yake kivuli cha saa mbili za mafundi wengine. Kama mke wako, au karani wa ofisi, anaweza kuzitenga zile tatu bila kuona jina, huyo ana sura. Kisha tafuta picha ya kasha kwa kamera ya kutafutia kwenye intaneti. Kasha lile lile likijitokeza chini ya majina mengine manne, weka pesa yako mfukoni.

Alama nyingine ni dirisha la tarehe. Mashine ya ETA 2824-2, ambayo imo kwenye saa nyingi sana duniani, ina kipenyo cha milimita 25.6. Ikiwekwa ndani ya kasha la milimita 42, dirisha la tarehe haliwezi kufuata ukingo. Linabaki limeelea karibu na katikati kama kitufe cha shati kilichoshonwa mahali pasipo tundu. Kisahani cha sekunde hupatwa na balaa hiyo hiyo. Fundi anayejali huchora kasha kuzunguka mashine, ama huacha tarehe. Kwa saa ya suti, kutokuwa na tarehe ni heri.

Weusi nao una mtihani wake hapa. Watengenezaji wengine huchukua saa yao ya chuma, huipeleka kutiwa weusi, na kuiita toleo jipya. Utawagundua kwenye mishale. Mshale uliong'arishwa kama kioo hupendeza juu ya uso mweupe, lakini juu ya uso mweusi huakisi giza la chumba na kupotea. Ukumbini jioni utainua mkono na kuona duara tupu. Aliyefikiri atapaka mishale nyeupe, au ataikata mgongo katikati na kuupa upande mmoja mistari ya brashi, ili daima kuwe na upande unaoshika mwanga. Porsche Design walipotoa Chronograph 1 yao nyeusi mwaka 1972, sababu ya weusi ilikuwa kusoma: walifuata vipima vya dashibodi ya gari, maandishi meupe juu ya giza lisilo na mwako. Omba picha iliyopigwa chumbani penye taa moja, siyo ile ya studio. Usiposoma saa kwa mtupo mmoja wa jicho, iache.

Kwa vipimo, milimita 38 ni sawa, na kasha jeusi huonekana dogo kuliko lilivyo, kwa hiyo hata 39 isingekusumbua. Unene ndio wa kuangalia. Chini ya milimita 10 saa inateleza chini ya kafu ya shati. Ikifika 12 itakuwa inakwama kila unapopinda mkono, na kafu yenyewe itasugua ukingo. Mashine ya kutia ufunguo kwa mkono husaidia: Sellita SW210 ina unene wa milimita 3.35, wakati NH35 ya Seiko, inayojitia ufunguo yenyewe, ina zaidi ya 5. Urefu kutoka sikio hadi sikio usizidi milimita 47 kwa mkono wa wastani, la sivyo ncha zitaning'inia nje ya kifundo, na ncha ndizo za kwanza kugongwa.

Kabla ya kulipa, mwandikie fundi maswali haya na umwombe ajibu kwa barua pepe, nawe uihifadhi. Tabaka ni la nini na lina maikroni ngapi? Chini yake ni madini gani, na yamegumishwa? Je, kitufe, bizimu na mfuniko wa nyuma vimetiwa tabaka lile lile, au vimepakwa tu vifanane? Pini za mkanda zina tundu la kupenya sikio hadi nje? Tundu hilo ni la thamani kubwa kwenye saa nyeusi, kwa sababu mkanda hutolewa kwa kusukuma pini kutoka nje, na hakuna chuma kinachochokora ndani ya masikio. Mwisho: kasha likipigwa, analitia weusi upya, na kwa bei gani? Fundi mzuri hujibu hilo bila kuzunguka. Mwenyewe anajua kwamba lazima mashine, kioo na mipira yote ya kuzuia maji itolewe, tabaka la zamani liondolewe, pigo lijazwe kwa kulehemu kwa leza, kasha lisawazishwe upya, ndipo lirudi chumba cha mvuke. Asipotaka kulijibu, hilo nalo ni jibu.

Hesabu pia ya forodha. Juu ya bei na usafirishaji kuna ushuru na VAT ya asilimia 16. Saa ikirudi kwa fundi wake siku za mbele, hifadhi karatasi za kuisafirisha zenye namba ya saa, ili ikirudi Kenya ionekane ni ile ile iliyokwenda kutengenezwa.

Fundi wa saa wa mjini Kisumu anaweza kukuoshea mashine na kubadilisha mipira ya kuzuia maji. Mwambie mambo mawili kabla hajaigusa. Asiipeleke kwenye gurudumu la kung'arishia hata kidogo, kwani sekunde chache zinatosha kuacha kona zote zikiwa za fedha. Na mfuniko wa nyuma aufungue kwa mpira wa kunata, au azibe kingo kwa tepu kwanza, maana ufunguo wa chuma ukiteleza huacha mstari usiofutika. Wewe mwenyewe usijaribu kuficha alama kwa kalamu ya wino mzito. Jasho huugeuza zambarau na kuuhamishia kwenye shati.

Kusafisha ni kwa kitambaa chenye unyevu, kila jioni ukivua. Kama saa imeandikwa mita 50 au zaidi, na mipira imepimwa katika miaka miwili iliyopita, unaweza kutumia maji ya uvuguvugu, tone la sabuni na mswaki laini kuzunguka kitufe na chini ya masikio. Iliyoandikwa mita 30 ni ya kuvumilia matone ya mvua na maji ya kunawa tu. Usiiache kwenye dashibodi saa sita mchana. Kitu cheusi hunywa joto, na mipira hukauka mapema.

Mkanda ndio utakaokuchosha kwanza, wala si kasha. Ngozi katika joto la ziwa hunywa jasho na kuoza kwa ndani, hivyo nunua miwili ya unene wa milimita 2 hivi na uvae kwa zamu, mmoja ukikauka kivulini. Chagua ngozi isiyong'aa ikiwa kasha ni la kufifia. Ukibadilisha, zungushia masikio tepu ya karatasi, tumia kifaa chenye ncha ya plastiki, na uinamishe saa juu ya taulo. Bizimu nyeusi itachubuka tu, iwe ya nani, kwa sababu inaishi juu ya meza. Agiza ya pili pamoja na saa, ukiwa bado una uhakika kwamba bado anazitengeneza za umbo lile.